Sinagogi la Nabugoye, Mbale: Wayahudi wale walitoka wapi, na mjukuu wao ana haki gani?

"Shikamoo mwalimu. Mimi mzaliwa wa Musoma, baba alikuwa mwanajeshi wa JWTZ akaenda vita ya Amin akarudi na mama, mama ni Mgisu wa upande wa Bungokho nje ya Mbale. Nimepata kazi ya kupeleka mizigo Mbale nikaona bora nitafute ndugu wa mama. Wakanionyesha kilima cha Nabugoye wakasema pale juu kuna sinagogi la Wayahudi na babu yako mzaa mama alikuwa anasali huko zamani. Nilishtuka maana mama ni Muislamu na hajawahi kutuambia kitu. Nilipomuuliza akakubali, akasema babu alikuwa hawashi moto Jumamosi, kila mwaka anajenga kibanda cha majani nyuma ya nyumba, na alikuwa na kitabu cha Kiganda kifupi kinene kama tofali kakificha ghalani, halafu wakati wa Amin akasilimu na watoto wote. Sasa kila mtu ananiambia lake. Dereva mwenzangu anasema hao ni mabaki ya Wayahudi walioletwa na Mwingereza kabla Israeli haijaundwa. Mchungaji mmoja anasema ni kabila la Israeli lililopotea likapitia Ethiopia. Mwingine anasema ni watu wa Mbale tu walijifanya Wayahudi wapate misaada ya Wamarekani. Na kuna jamaa anataka dola 500 anitengenezee karatasi za kwenda Israeli kwa sababu nina damu. Ukweli upi? Na mimi ni Myahudi au siyo?"

Marahaba kijana wangu. Kabla ya yote, zile dola 500 zikae mfukoni mpaka umalize kusoma.

Umeuliza mambo mengi kwa mpigo lakini nikikusoma vizuri naona linalokukosesha usingizi ni lile la mwisho, kwamba mama amekaa na siri miaka arobaini na kitu na sasa hujui wewe ni nani. Nitafika huko, ila huwezi kujibiwa wewe bila kwanza kujibu hao watu wa kilimani walitoka wapi, na hapo wote watatu waliokushauri wamekosea, kila mmoja kwa namna yake.

Tuanze na dereva mwenzako maana hiyo hadithi yake ndo nasikia kila siku, hata kwa watu waliosoma. Ni kweli kulikuwa na mpango. Mwaka 1903 Joseph Chamberlain, waziri wa makoloni wa Uingereza, alimpa ofa Theodor Herzl, kiongozi wa Wazayuni, yaani Wayahudi waliokuwa wanatafuta nchi yao wenyewe, kwamba Wayahudi waliokuwa wanauawa kule Urusi wapewe eneo Afrika Mashariki. Mpango ukaitwa wa Uganda, na jina ndo limetupotosha sote, kwa sababu ardhi yenyewe ilikuwa Uasin Gishu, ile nyanda ya juu ambayo leo ina Eldoret, Kenya. Sehemu ile ilikuwa chini ya Uganda mpaka 1902 Waingereza walipohamisha mpaka, halafu reli iliyopita huko iliitwa Reli ya Uganda, basi jina likaganda. Mkutano wa Wazayuni pale Basel Agosti 1903 ulipiga kura 295 kwa 178, na kura yenyewe ilikuwa ya kutuma watu wakaangalie tu, siyo kuhamia. Tume ikaja mwanzoni mwa 1905, ikazunguka, ikarudi na ripoti isiyo na raha, na mwaka huohuo mkutano uliofuata ukakataa kabisa. Herzl mwenyewe alishafariki 1904. Kwa hiyo hakuna Myahudi aliyeletwa Mbale na Mwingereza, hakuna hata mmoja. Nairobi wapo Wayahudi wa kutoka Ulaya waliokuja kama walowezi wengine, jumuiya yao ilianza 1904 na wana sinagogi lao mjini, lakini hiyo ni historia nyingine ambayo haigusani na kilima chenu.

Mchungaji naye. Habari ya makabila kumi yaliyopotea inapendwa sana kanisani, na Ethiopia kweli kulikuwa na Beta Israel, Wayahudi wa Ethiopia wa tangu enzi, ndo maana watu wanaunganisha. Lakini cha ajabu ni kwamba Wayahudi wa Mbale wenyewe, Abayudaya kama wanavyojiita, hawasemi hivyo. Wazee wa Nabugoye ukiwauliza mlianza lini wanakutajia mwaka, 1919, na jina la mtu, Semei Kakungulu. Hawadai kutoka Yerusalemu kwa damu. Wengi wao ni Wagisu kama mama yako, na wapo Waganda na watu wa makabila mengine ya mashariki. Mimi naiheshimu sana hiyo, maana ingekuwa rahisi mno kujitungia ukoo wa Mfalme Sulemani na wageni wangefurahi.

Sasa Kakungulu ni nani. Huyu alikuwa jemadari wa Buganda, mtu wa vita hasa, Mprotestanti aliyepata umaarufu kwenye vita vya dini vya miaka ya 1880 na 1890. Mwaka 1899 akaelekea mashariki na jeshi lake, na ndani ya miaka michache akaiweka Bukedi na sehemu za kuzunguka mlima Elgon chini ya himaya ya Mwingereza, akijenga ngome, akichonga barabara, akipanda miti. Kichwani mwake alijua anajitengenezea ufalme, alitaka awe kabaka wa huko. Waingereza wakamwacha afanye kazi ngumu, halafu ilipokamilika wakaanza kumpunguza kidogokidogo. Mwaka 1902 wakamtoa Budaka alikokuwa na makao, wakampa maili za mraba 20 pale Mbale. Akaanza tena, na huo mji unaopeleka mizigo ndo yeye aliyeuanzisha, soko likakua, wafanyabiashara wakaja, na ulipochangamka serikali ikauchukua na wenyewe. Kuanzia 1906 hadi 1913 wakamweka Busoga kuwa rais wa baraza la machifu, kazi yenye cheo kikubwa na nguvu kidogo, akachoka akarudi Mbale.

Mtu wa namna hiyo, aliyedhulumiwa na serikali ambayo dini yake ni hiyohiyo aliyofundishwa yeye, unategemea afanye nini? Karibu 1914 akaingia kwenye kundi la Bamalaki, Wakristo wa Uganda waliokataa dawa za hospitali na chanjo kwa hoja kwamba Mungu mmoja mwenye uwezo wote anatosha. Serikali ilipokuja kuchanja watu na ng'ombe Kakungulu akagoma. Na alikuwa anasoma. Biblia nzima ya Kiganda ilichapwa 1896, kwa hiyo alikuwa na Agano la Kale lote kwa lugha yake, hakuhitaji mzungu wa kumtafsiria wala kumchagulia kurasa. Akawa anaona Musa kaagiza hiki na kile, na wamishenari hawafanyi. Sabato ya Jumamosi, hawafanyi. Tohara, hawafanyi. Akaona hawa wanaochukua ardhi yangu hata kitabu chao wenyewe hawakifuati.

Mwaka 1919 akajitahiri yeye mwenyewe na wanawe. Hapa lazima uelewe uzito wake. Waganda kwa mila yao hawatahiri, tohara kwao ilikuwa alama ya Uislamu, kwa hiyo kwa Muganda Mprotestanti mwenye cheo kufanya hivyo ilikuwa kashfa. Lakini Mbale siyo Buganda. Mbale ni nchi ya Wagisu, kwao kijana asiyepita imbalu, ile tohara ya ujanani, hajawa mwanamume, na mpaka leo ngoma hiyo inachezwa kila mwaka wa namba shufwa. Kwa hiyo jambo lilelile lililowatisha Waganda halikuwashtua majirani wapya, ila tu Kakungulu akalihamishia siku ya nane ya mtoto kama Mwanzo inavyosema badala ya kungoja ujana. Bamalaki wenzake ndo wakamshukia, wakamwambia hayo ni mambo ya Wayahudi wasiomkubali Yesu. Masimulizi ya jumuiya yanasema akajibu kwamba kama ni hivyo basi kuanzia leo sisi ni Wayahudi. Sitaapa kwamba maneno yalitamkwa hivyohivyo, lakini matokeo yanajulikana, akajitenga na watu wake akaanza jumuiya mpya pale Gangama chini ya milima, na kaburi lake liko hukohuko.

Wakati huo hakuwahi kuona Myahudi. Alikuwa amebuni Uyahudi kutoka kwenye kitabu na ulikuwa bado umechanganyika na Ukristo mwingi tu, ubatizo na mambo mengine. Mwaka 1920 ndo akatokea Mbale mgeni Myahudi aitwaye Yosef, akakaa takriban miezi sita. Huyu akawafundisha kalenda ya sikukuu, namna ya kuchinja, nyama ipi inaliwa na ipi hapana, akawaambia mabaki ya Ukristo wayaache. Kisha akaondoka. Miaka miwili baadaye, 1922, Kakungulu akachapisha kitabu cha Kiganda cha kurasa kama 90 chenye sala na kanuni za watu wake. Naomba ukikumbuke hicho kitabu, nitakirudia.

Kakungulu alifariki Novemba 1928 na hapo watu wengi wangetegemea mambo yaishe, na kweli sehemu kubwa walirudi makanisani. Waliobaki waliongozwa na Samson Mugombe, wakaendelea kusali kwenye vijumba vya udongo vijijini huko Bungokho na jirani. Miaka ya 1960 wakaanza kupata mawasiliano kidogo na Israeli kupitia mwanadiplomasia Arye Oded, halafu Januari 1971 Amin akapindua nchi.

Hapa ndo historia ya babu yako. Amin aliwafukuza Waisraeli 1972 na dini ya Kiyahudi ikapigwa marufuku, masinagogi yakafungwa. Watu wanadhani kuficha dini ni kusali kimyakimya tu, kumbe ugumu uko kwenye vitu vinavyoonekana. Sala unaweza kunong'ona. Nyama unaweza kusema huna hamu. Lakini nyumba ya kijijini isiyotoa moshi Jumamosi nzima jirani anaiona, na kile kibanda cha majani alichokuwa anajenga babu ni cha sikukuu ya Vibanda, kinatakiwa kisimame siku saba nje, mchana kweupe. Rabi Gershom Sizomu wa Nabugoye amesimulia jinsi baba yake alivyokamatwa kwa ajili ya kibanda kama hicho, na wazee wakaenda kumkomboa kwa mbuzi. Ukiwa na watoto kadhaa ndani, jirani humwamini na mbuzi huna, kusilimu au kwenda kanisani ilikuwa njia ya kulala salama, na wengi sana walifanya hivyo. Inakadiriwa jumuiya ilishuka kutoka watu kama 3,000 hadi kama 300. Kwa hiyo usimwone babu kama msaliti, na mama usimwone kama mwongo. Mtoto aliyefundishwa kwamba neno moja mbele ya askari linaweza kumpeleka baba yake jela, hilo funzo halitoki kichwani kwa sababu serikali imebadilika.

Na sasa jambo la baba yako. Kampala iliangushwa na jeshi la Tanzania pamoja na wapiganaji wa Uganda Aprili 11, 1979. Jioni ya siku hiyohiyo, kwa kalenda ya Kiyahudi, ndo Pasaka ilikuwa inaanza, sikukuu ya kukumbuka kutoka utumwani Misri. Abayudaya hawajaisahau hiyo na ukifika pale ukasema baba yangu alikuwa JWTZ nadhani utakaribishwa chai kabla hujamaliza sentensi.

Baada ya hapo waliobaki walikuwa wachache na wengi wazee. Miaka ya 1980 kikundi cha vijana, wakiwemo akina Joab Jonadab Keki na mdogo wake Sizomu, wakahamia juu ya kilima cha Nabugoye wakaishi na kulima pamoja kwa mfano wa kibutsi za Israeli, na ndo waliolirudisha sinagogi, jengo la kawaida tu la matofali na bati lililoitwa Sinagogi la Musa. Angalia walikuwa na nini wakati huo. Hawakuwa na mfadhili wala rabi, hata Torati ya kukunja hawakuwa nayo.

Hiyo ndo inanileta kwa yule wa tatu, anayesema walijifanya Wayahudi kwa ajili ya misaada ya Marekani. Hoja yake inakufa kwa tarehe tu. Ujumbe wa kwanza wa maana kutoka Marekani, wa shirika la Kulanu, ulifika 1995. Kutoka 1919 hadi 1995 ni miaka 76. Mtu gani anajifanya kitu miaka 76, ndani yake minane ya Amin, akisubiri mfadhili asiyejua kama yupo? Lakini nisimkatalie kila kitu, maana kuna ukweli kidogo kwenye maneno yake. Tangu miaka ya 1990 misaada imekuja, na mingi kwa kiwango cha pale, shule ya msingi Hadassah, sekondari yenye jina la Semei Kakungulu, kituo cha afya cha Tobin pale mjini, na hilo sinagogi kubwa jipya uliloonyeshwa, la Stern, lililofunguliwa 2016 kuchukua nafasi ya lile la zamani. Misaada ikija na watu huja, na bila shaka wapo waliosogea kwa ajili ya ada ya shule, ni binadamu. Ila hizo shule na hospitali zinahudumia Waislamu na Wakristo vilevile, na 2004 Keki alianzisha ushirika wa kahawa, Mirembe Kawomera, wakulima wa dini zote tatu wanauza pamoja. Anayewasema wanakula misaada peke yao hajapanda kile kilima.

Mwaka 2002 likatokea jambo kubwa linalokuhusu wewe moja kwa moja, kwa hiyo nieleze taratibu. Kwa sheria ya Kiyahudi mtu ni Myahudi kwa njia mbili, kuzaliwa na mama Myahudi au kuongoka mbele ya mahakama ya dini ya watu watatu, halafu kuzama kwenye maji ya mto au birika maalumu, na mwanamume ambaye tayari ametahiriwa hutolewa tone la damu kama alama. Kakungulu hakupita hayo, angepitia wapi, hapakuwa na rabi Uganda nzima. Kwa hiyo kwa miaka yote hiyo Abayudaya walikuwa Wayahudi kwa imani na maisha lakini siyo kwa karatasi. Februari 2002 marabi, yaani viongozi wa dini, wa madhehebu ya Kihafidhina wakaja Mbale, wakawahoji watu mmojammoja, wakawaongoa watu mia kadhaa. Wapo waliokataa kwa uchungu, wakasema sisi ni Wayahudi tangu babu zetu, tuongoke kutoka wapi kwenda wapi. Na wapo waliosema Wahafidhina hawatoshi, wanataka Uothodoksi, madhehebu yanayoshika sheria kwa ukali zaidi, hao utawakuta hasa kijiji cha Putti, wana sinagogi lao, wanaume na wanawake wanakaa mbalimbali, tofauti na Nabugoye wanakokaa pamoja. Sizomu, ambaye ni mjukuu wa yule Samson Mugombe, akaenda kusoma Los Angeles, akawekwa wakfu kuwa rabi 2008, akarudi kuongoza nyumbani, na 2016 akachaguliwa mbunge wa Bungokho Kaskazini, jimbo ambalo wapiga kura wake karibu wote siyo Wayahudi.

Haya, sasa wewe.

Kwanza tuhakikishe babu alikuwa Muyudaya kweli. Kutowasha moto Jumamosi peke yake siyo ushahidi, Wasabato nao wanaitunza Jumamosi na Mbale wapo. Kibanda ndo kina uzito, Msabato hajengi kibanda. Muulize mama maswali matatu kwa upole: babu alitahiriwa utotoni au alipita imbalu na wenzake? Alikuwa anakubali nyama iliyochinjwa na watu wengine? Alikuwa anamtaja Yesu? Ukipata utotoni, hapana na hapana, mimi nitaridhika.

Kile kitabu kimenifurahisha kuliko vyote. Watu watakwambia ni kitabu cha Kakungulu, na itakuwa raha kweli ikiwa hivyo kwa sababu ni adimu mno, lakini maelezo ya mama hayakubali. Cha Kakungulu ni kurasa kama 90, chembamba. Kifupi na kinene kama tofali ni jambo jingine kabisa: Biblia ya zamani ya Kiganda ilichapwa kwa umbo hilohilo makusudi, ndogo, karibu mraba, nene sana, ili itoshee kwenye mkebe wa biskuti, mchwa wasiifikie. Dau langu ni hiyo. Na usivunjike moyo, kwa sababu jumuiya nzima ilitoka kwenye Biblia hiyo. Kama ndugu wa Bungokho bado wanacho, wakiangalie Agano Jipya lipo au limetolewa, na tafadhali wasikizibe na selotepu, gundi yake inakula karatasi. Wakifunge kwenye kitambaa safi kikavu, mbali na jiko, mpaka mtu anayejua akione.

Je, wewe ni Myahudi? Kwa sheria yao, hapana, na naomba uipokee hiyo bila kuumia. Babu aliacha kabla ya 2002, hakupita mahakama ya dini, bibi naye kadhalika, kwa hiyo mama hakuzaliwa na mama anayetambulika kuwa Myahudi, na wewe hivyohivyo. Habari ya damu ambayo huyo jamaa anakuuzia haipo kabisa hapa, maana hata Abayudaya wenyewe hawadai damu. Ulichonacho ni ukoo wa kihistoria, wewe ni mjukuu wa mtu aliyeshika hiyo imani miaka ilipokuwa migumu, na hilo hakuna anayeweza kukunyang'anya wala kukuuzia. Kama moyo wako unaenda huko kwa dini, mlango ni kuongoka, na siyo wa haraka, ni kusoma na kuishi na jumuiya kwa muda mrefu, na kwa kawaida rabi hakimbilii kumkubali mtu. Kama wewe ni Muislamu umetulia na Uislamu wako, hakuna deni lolote unalodaiwa na babu. Unaweza kwenda kumtambua ukarudi msikitini Ijumaa.

Israeli sasa. Huyo wa dola 500 labda amesikia kwamba Sheria ya Kurejea, ile ya Israeli inayowaruhusu Wayahudi kuhamia huko, inampa haki hata mjukuu wa Myahudi, na hiyo ni kweli, iko hivyo tangu marekebisho ya 1970. Asichokwambia ni kwamba babu lazima atambulike kuwa Myahudi na serikali ya Israeli, na sheria hiyohiyo inamwondoa aliyehamia dini nyingine kwa hiari, hapo mngeanza kubishana kama hofu ya Amin ni hiari. Na hata waliobaki kwenye dini, walioongoka na wana vyeti mkononi, wamesumbuka. Shirika la Wayahudi, linaloshughulikia wanaohamia Israeli, liliitambua jumuiya 2016 lakini Wizara ya Mambo ya Ndani ya Israeli ikashikilia msimamo wake, na 2021 Mahakama ya Juu ikakubaliana na wizara kwenye kesi ya raia mmoja wa Uganda aliyeongoka hukohuko nyumbani. Yeye na vyeti vyake alikataliwa, wewe na hadithi ya ghala utapita wapi? Karatasi atakazokutengenezea jamaa zitakuwa feki, na ukikamatwa nazo kesi ni yako siyo yake. Kama bado unataka kujua kwa uhakika, wasiliana na ubalozi wa Israeli Nairobi, au lipa mwanasheria wa uhamiaji mwenye ofisi inayojulikana akuambie hapana yenye maelezo.

Mambo mengine mimi kwa maandishi siwezi kukumalizia. Jina la babu linaweza kukumbukwa na wazee wa pale kilimani na hilo ni la kwenda mwenyewe, kukaa chini, kutaja jina lake la kabla ya kusilimu na la baba yake na kijiji. Ukitaka nyaraka, za serikali ya kikoloni zilizokuwa Entebbe siku hizi ziko Wandegeya, Kampala, ila usitegemee kumkuta mkulima mmojammoja, utamkuta Kakungulu na ugomvi wake wa ardhi. Na kama mama akianza kusimulia halafu akatetemeka, akakosa usingizi, akaota yale ya askari, acha maswali, mpeleke kwa mshauri nasaha au daktari. Hadithi inaweza kusubiri. Akitaka kuongea mwenyewe, washa simu urekodi, kwa Kigisu chake, usimlazimishe Kiswahili.

Kwenda ni rahisi, kutoka Mbale mjini ni bodaboda tu. Piga simu au mtume ndugu mmoja atangulie kuomba nafasi, siyo kujitokeza ghafla, wamechoka na watalii. Usiende Jumamosi mara ya kwanza. Jumamosi ni siku ya sala, hakuna kupiga picha, hakuna kuandika, simu inakaa kimya, na wewe una maswali mengi yanayohitaji kalamu. Nenda siku ya kazi asubuhi, na ukiona umepokelewa vizuri omba kurudi Ijumaa jua likielekea kuzama, uvae kofia, ndogo ya kawaida inatosha kabisa, uketi nyuma usikilize Zaburi zikiimbwa kwa Kiganda. Na mzigo wa Mbale ukiupata mwezi ambao mama ana nafasi, muulize kama angependa kupanda gari moja na wewe. Akisema hataki, usirudie kuuliza.